UZI: Mjomba wangu Mkristo kaniuliza jihadi ikianza yeye anakaa upande gani. Jibu langu ni Amiri Abdulkadir

Mwana wa Chumbageni (#1)

Wakuu, asalaam alaykum. Na ndugu zangu wa upande wa pili, habari za Jumapili.

Idd iliyopita tulikusanyika nyumbani Tanga, sinia la pilau katikati, ukoo mzima. Ukoo wenyewe mchanganyiko kama koo nyingi za kwetu: mama alisilimu alipoolewa, kaka yake ni mzee wa kanisa. Mjomba kala vizuri, kanawa, kahawa ilipokuja akaniuliza mbele za watu: "Mpwa wangu, hii jihadi yenu ikianza, mimi mjomba wako nakaa upande gani?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikampa lile jibu tunalowapaga wageni: mjomba, jihadi ni kupambana na nafsi, Mtume (S.A.W.) akirudi vitani alisema tumetoka kwenye jihadi ndogo tunaingia kwenye jihadi kubwa. Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo ile ndogo ipo." Nikamumunya maneno, kahawa ikapoa.

Uzi huu ndio jibu nililopaswa kumpa siku ile. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Neno lenyewe kwanza, maana sisi Waswahili tunalo mdomoni kila siku. Mwalimu akiandika kwenye ripoti ya mtoto "aongeze juhudi", hiyo ni mzizi wa Kiarabu wa herufi jimu, he, dali. Ukisema fulani kafika hapo kwa jitihada zake, mzizi ni huo huo. Maana yake ni kutoa nguvu zako zote kwenye jambo. Vita kwa Kiarabu ni harb, kupigana ni qital, na Qurani inayatumia maneno hayo inapotaka kusema vita. Ama "vita vitakatifu" kama jina, ndani ya Qurani hulikuti.

Kuna aya mbili zilizonifumbua macho. Moja ni Furqan 25:52, iliyoshuka Makka wakati Waislamu hawajaruhusiwa kuinua hata fimbo. Mtume anaambiwa apambane na makafiri kwa hii Qurani, "jihadi kubwa". Silaha hapo ni maneno. Nyingine ni Luqman 31:15, inayowazungumzia wazazi washirikina wanaomkazania mtoto wao amshirikishe Mungu. Kitenzi kilichotumika kwa hao wazazi ni kile kile, jaahadaaka! Mzazi mshirikina ndiye anayemfanyia mtoto Mwislamu "jihadi". Na mtoto anaambiwa asiwatii katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema. Hapo nilimkumbuka bibi mzaa mama, aliyekufa Mkristo, na mama aliyemuuguza mpaka mwisho.

Sasa nisimkimbie mjomba. Ile ya silaha ipo, vitabu vya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, vina mlango mzima, na anayemwambia Mkristo kwamba haipo anamdanganya. Ruhusa ya kwanza ya kupigana iko Hajj 22:39-40. Walioruhusiwa ni waliodhulumiwa wakafukuzwa majumbani mwao. Kisha aya inatoa sababu: kama Mungu asingewakinga watu kwa watu wengine, zingevunjwa nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti. Soma tena mpangilio huo. Aya iliyofungua mlango wa upanga ndiyo hiyo hiyo inayoyataja makanisa kati ya vitu vya kukingwa, na msikiti umekuja mwisho.

Hapo ndipo mtu husema, sawa, hiyo ni karatasi. Nani kaifanya? Ndiyo maana nakuleteeni mtu mmoja.

Abdulkadir bin Muhyiddin, mzaliwa wa 1808 karibu na Mascara, magharibi ya Algeria. Baba yake shekhe wa Kadiriya, tarika ile ile ambayo kwetu tunaijua kwa dhikri za Bagamoyo na Shekhe Ramiya. Kijana wa vitabu na farasi. Wafaransa wakaingia Algiers 1830. Novemba 1832 makabila ya Mascara yakampa bai'a, kiapo cha utii, aongoze jihadi, umri wake miaka 24. Hii haikuwa jihadi ya nafsi, wakuu. Alipigana nao miaka 15, akawalazimisha kutia saini mikataba, wa 1834 na ule wa Tafna 1837, akajenga dola yenye kodi, makadhi na viwanda vya silaha. Mji wake mkuu ulipochukuliwa akahamia kwenye mji wa mahema, maelfu ya watu wakihama naye, mpaka Wafaransa wakaukamata nao Mei 1843.

Adui aliyekuwa anapigana naye ni yupi? Jenerali Bugeaud, ambaye mbinu yake ilikuwa kuchoma mashamba na kupora mifugo ili watu wafe njaa. Juni 1845, huko Dahra, mmoja wa makanali wake aliwasha moto kwenye mdomo wa pango walimokimbilia watu wa kabila la Ouled Riah. Mamia walikufa kwa moshi, wanawake na watoto wakiwemo.

Katikati ya vita ya namna hiyo Abdulkadir akaweka amri: mateka wa Kifaransa aletwe akiwa hai, na anayemleta analipwa. Akija ana malalamiko kwamba kateswa njiani, aliyemleta hapati kitu. Mama yake Amiri, Lalla Zohra, ndiye aliyewatunza mateka wa kike. Mwaka 1841 akabadilishana mateka na Askofu Dupuch wa Algiers.

Sitaficha doa. Aprili 1846, mamia ya mateka wa Kifaransa waliuawa kambini mwake. Yeye hakuwepo, alikuwa mbali vitani, na walioamua ni aliowaachia kambi. Mpaka leo wanahistoria wanabishana juu ya sehemu yake katika jambo hilo. Nimeliweka hapa mwenyewe kabla hajalileta mwingine.

Desemba 1847 akasalimu amri kwa ahadi ya kupelekwa Akka au Iskandaria. Wafaransa wakaivunja ahadi, wakamfunga kwao, Toulon, kisha Pau, kisha kasri ya Amboise, miaka karibu mitano. Aliachiwa 1852, akaenda Bursa kwa Waturuki, na 1855 akahamia Dameski na Waalgeria wake.

Julai 1860. Mlima Lebanoni umeshawaka, Wadruze na Wamaroni, ambao ni Wakristo wa kule, wanauana. Dameski kumejaa fununu na wakimbizi. Kuna vijana wa Kiislamu walichora misalaba barabarani ili Wakristo waikanyage, serikali ikawakamata na kuwafagilisha mitaa wakiwa na minyororo. Tarehe 9 mji ukalipuka. Mtaa wa Wakristo, upande wa Bab Tuma, ukachomwa nyumba kwa nyumba. Maelfu waliuawa. Gavana, aliyekuwa na askari, akakaa tu.

Mtu aliyetoka na bunduki kwenda kuwatetea Wakristo ni yule kamanda wa jihadi. Abdulkadir na Waalgeria wake walipita mitaani wakiita Wakristo watoke, wakawaleta nyumbani kwake, mabalozi, watawa, watoto wa shule za kanisa, kila mtu. Kundi likafika mlangoni likitaka wapewe hao watu. Aliwajibu kwamba maadamu kuna Mwalgeria mmoja amesimama, hawapati hata mtu mmoja. Akatangaza malipo ya piastre hamsini kwa kila Mkristo atakayeletwa kwake mzima. Mwenyewe akakaa mlangoni na mfuko wa pesa. Mnaona ni amri gani hiyo? Ni ile ile ya mateka, ya Algeria.

Nyumba zilipojaa akawa anawasindikiza kwa mafungu mpaka ngomeni, wengine mpaka Beirut.

Askofu Pavy wa Algiers alipomwandikia kumshukuru, alijibu kwamba alichofanya ni kufuata sheria ya Kiislamu na haki za ubinadamu. Alianza na sheria, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Hakusema aliiweka sharia kando ili awe mwema.

Nakaribisha maswali. Matusi sijibu.

---

Mpwitopwito (#2)

Natandika mkeka mbele kabisa. Uzi wa hivi hauna bahati humu, subirini waje.

---

Kibosho Halisi (#3)

Mleta mada, mimi ni Mkatoliki na nimesoma mpaka mwisho, hongera kwa kutoficha. Sasa naomba nisizungushwe. Tauba 9:5 inasema wauweni washirikina popote muwakutapo. 9:29 inasema wapigeni waliopewa Kitabu mpaka watoe jizya hali ya kuwa wametii. Waliopewa Kitabu ndio sisi. Huyo Abdulkadir wako ni mtu mwema, hata Wachaga tunao watu wema. Lakini kwani aya hizo kazifuta?

---

Mwana wa Chumbageni (#4)

Mkuu Kibosho, swali la haki kabisa.

Ya 9:5 usiisome peke yake, anza 9:4. Hapo wanatolewa washirikina waliotimiza mikataba yao, nao waachwe mpaka muda wao uishe. Shuka 9:6: mshirikina akikuomba hifadhi mpe, kisha mfikishe mahali pake pa amani. Ukifika 9:13 utaelezwa ni watu gani hao: waliovunja viapo, wakakusudia kumtoa Mtume, nao ndio walioanza. Kama amri ingekuwa kuua kila mshirikina popote, ile ya kumsindikiza salama mpaka kwake ingekuwa haina kazi.

Ya 9:29 ni nzito zaidi, na sitaki kuipaka asali. Wafasiri wanaihusisha na safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, kukabiliana na Warumi wa Bizanti. Jizya ilikuwa kodi ya kulindwa, na asiyekuwa Mwislamu hakwenda vitani. Ushahidi kwamba ilihesabiwa kuwa malipo ya ulinzi ni Homs mwaka 636: makamanda wa Abu Ubaida walipoona jeshi kubwa la Bizanti linakuja na hawawezi kuwakinga wenyeji, waliwarudishia Wakristo pesa zao. Taja dola inayorudisha kodi.

Lakini pia ni kweli kwamba baadaye mafakihi waliongeza mambo ya mavazi, kengele za kanisa, nani apande farasi, na dhimmi, yaani asiye Mwislamu anayelipa jizya, akawa raia wa daraja la pili. Kwa wakati wake ilikuwa nafuu, Wayahudi waliofukuzwa Hispania 1492 walipokewa na Waturuki. Kwa macho ya leo si usawa, na mimi simwombi mjomba alipe jizya. Sultani mwenyewe aliifuta, akatangaza usawa wa raia wote 1856. Na hapo ndipo chuki ya Dameski ilipopata kuni: kuna Waislamu waliona usawa huo umeletwa kwa shinikizo la mataifa ya Ulaya, na kuna wafanyabiashara wa Kikristo waliokuwa wanatajirika chini ya kivuli cha mabalozi. Fujo ile ilivaa kanzu ya dini, ndani yake ilikuwa kodi na biashara.

Aya inayonihusu mimi na wewe ni Mumtahina 60:8. Wale ambao hawakutupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu, hatukatazwi kuwafanyia wema na uadilifu. Neno la wema pale ni kutoka kwenye birr, lile lile tunalolitumia kwa wazazi.

---

Abu Sumayya Buguruni (#5)

Asalaam alaykum. Akhi, Allah akulipe, ila ile "Hadithi" ya jihadi ndogo na kubwa usiipeleke tena kwa mtu. Wanazuoni wa Hadithi wameidhoofisha, Bayhaqi mwenyewe aliyeipokea kasema sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, ina udhaifu, na Ibn Taymiyya kasema haina asili. Sisi watu wa Sunna hatuhitaji riwaya dhaifu kumfurahisha Mkristo. Mjomba wako alikubana kwa sababu ulisimama juu ya ubao uliooza.

---

Mwana wa Chumbageni (#6)

Wa alaykum salaam, ustadhi. Nimekubali, tena nilishajua baada ya kubanwa, ndiyo maana kwenye maelezo sikuirudia.

Zilizo imara zipo. Mtu alikuja kwa Mtume kuomba kwenda jihadi, akaulizwa, wazazi wako wako hai? Akasema ndiyo. Akaambiwa, basi fanya jihadi yako kwao. Iko kwa Bukhari na Muslim. Tirmidhi ana ile ya kwamba mujahidi ni aliyepambana na nafsi yake. Na ile ya jihadi bora kuwa ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu, ambayo naona hatuisikii sana mimbarini siku hizi, sijui kwa nini.

---

Abu Sumayya Buguruni (#7)

Na ongeza ya Bukhari: mwenye kumuua mu'ahad, yaani asiye Mwislamu mwenye ahadi ya amani, hatasikia harufu ya pepo. Ongeza na wasia wa Abubakar kwa Yazid bin Abi Sufyan kwenye Muwatta: usiue mwanamke, mtoto wala mzee, usikate mti wenye matunda, na utawakuta watu waliojifungia kwa ibada katika nyumba zao, waache na walichojifungia. Hao ni watawa wa Kikristo wa Shamu, Syria ya leo na jirani zake. Nayo jihadi ya silaha hutangazwa na mwenye mamlaka, haitangazwi na kijana mwenye simu. Wanaolipua watu sokoni hawana dalili, na sisi Salafi ndio tumewaraddi, yaani kuwapinga kwa hoja, zaidi kuliko nyie watu wa dhikri. 😀

---

Mla Halua (#8)

Hapo mwisho ustadhi kajipigia debe kidogo, lakini haya.

---

Chifu Asiyelala (#9)

Mmelishwa hadithi ya Mfaransa na mmeipenda. Abdulkadir alipotoka Amboise alikuwa analipwa posho na Napoleon wa Tatu. Bunduki za Waalgeria wake Dameski zilinunuliwa kwa pesa za ubalozi wa Ufaransa. Baada ya fujo akavishwa nishani kubwa ya Ufaransa, Lincoln akamtumia bastola. Huko Iowa, Marekani, kuna mji unaitwa Elkader kwa jina lake. Mzungu hampendi Mwislamu anayepigana, anampenda aliyestaafu. Mujahidi aliyegeuka mlinzi wa mabalozi ndiyo somo lenu la jihadi?

---

Mwana wa Chumbageni (#10)

Chifu, hoja yako ina mfupa, siitupi. Posho ni kweli. Nishani ni kweli, na za mataifa mengine pia. Ubalozi kusaidia silaha ni kweli, yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kuonya kabla kwamba fujo inakuja, na gavana akawa anapuuza. Ila Elkader ya Iowa ilipewa jina 1846, Wafaransa bado wanamwinda milimani. Hao walimpenda akiwa anapigana.

Halafu mfikirie Imamu Shamil wa Dagestani, huko milima ya Kaukazi. Aliwapiga Warusi miaka 25, kuanzia 1834 mpaka 1859. Hakuwa na posho ya Mfaransa. Mwaka 1860 yeye ni mateka Kaluga, Urusi. Habari za Dameski zilipomfikia alimwandikia Abdulkadir kumpongeza, na akasema amestaajabu upofu wa wale maofisa walioacha dhuluma ipite. Hoja aliyoleta ni Hadithi ya Abu Daud, kwamba atakayemdhulumu mwenye ahadi, Mtume mwenyewe atakuwa mshitaki wake Siku ya Kiyama. Yaani mateka anamwandikia aliyekuwa mateka, majemadari wawili wakubwa wa jihadi wa karne ile, na hawaoni kugeuka popote.

Na posho haielezi amri ya mateka. Hiyo aliitoa akiwa na upanga mkononi, anawaua Wafaransa kila wiki.

Tena usisahau hakuwa peke yake. Kule Midan, mtaa wa Waislamu hasa, wazee wa mtaa waliwaficha Wakristo wao bila ubalozi wowote. Hao hawakutumiwa bastola na mtu, ndiyo maana hatuwajui.

---

Chifu Asiyelala (#11)

La Shamil sikuwa nalo. Nimeishia hapo kwa leo, ila posho bado inaniwasha.

---

Msafiri wa Elwak (#12)

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Mandera, nafanya kazi Nairobi. Ndugu, kwa nini mwende mpaka Dameski 1860?

Novemba 2014 basi lilitekwa kwetu, abiria wakatenganishwa, walioshindwa kusoma shahada wakapigwa risasi. Watu 28. Wengi walikuwa walimu na watumishi wanaenda nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Njia ile tulikuwa tunaipita tukiwa tumekufa nusu.

Desemba 21, 2015 basi lingine, karibu na Elwak. Al-Shabaab wakalisimamisha, wakaambia Waislamu washuke wakae upande wao. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wameshawapa Wakristo mitandio wajifunike, wengine wakawasaidia kujificha nyuma ya mabegi. Wakawaambia wale watu, tuueni sote ama mtuache. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi pale. Alikaa hospitalini Nairobi karibu mwezi mmoja, akafariki Januari 2016. Serikali ilimpa nishani akiwa ameshazikwa.

Wale wenye bunduki walisema wanafanya jihadi. Na mwalimu hakuwa na kitu mkononi. Mimi sijui fiqhi kama ustadhi hapo juu, lakini mama yangu aliposikia habari alisema shahidi wa basi lile ni mmoja, na tunamjua jina.

---

Kibosho Halisi (#13)

Msafiri, umeninyamazisha. Shangazi yangu alifundisha kule kaskazini miaka ile, akarudi. Mungu ampumzishe mwalimu huyo.

Chumbageni, sijakubali kila kitu, bado daraja la pili linanikera, lakini umelikubali mwenyewe kwa hiyo sina pa kukushika.

---

Abu Sumayya Buguruni (#14)

Allah amrehemu Mwalimu Farah na amkubali katika mashahidi. Amin.

---

Mpwitopwito (#15)

Mleta mada, mjomba kasemaje sasa? Au hujampelekea?

---

Mwana wa Chumbageni (#16)

Nilimpelekea Jumamosi, mkuu. Macho yake mabovu, kwa hiyo nilimsomea barazani, yeye kajilaza kwenye kiti cha uvivu, mama anachambua mchele pembeni anajifanya hasikilizi. Nilipofika pale Wakristo wamejazana nyumbani kwa Abdulkadir akanisimamisha.

"Hao watu wote, nani aliwapikia?"

Nikamwambia mjomba, nyumba ilijaa mpaka hakuna pa kukaa, ndiyo maana akawa anawahamishia ngomeni.

"Siulizi walilala wapi. Nauliza nani alipika." Akamgeukia mama. "Wewe dada, watu wale wangekuja hapa ungefanyaje?"

Mama hakuinua hata uso kwenye ungo. "Ningekutuma wewe sokoni," akasema, "nawe ungerudi na dagaa."